Uduvi kipofu wa Unguja aliyebatizwa mara nne, na funzo lake kwa chemchemi za Khwisero

KABLA ya jua kuchomoza katika vijiji vya Khwisero, Kaunti ya Kakamega, akina mama na watoto huwa tayari wameshika njia ya kwenda kwenye chemchemi, mitungi mikononi. Maji wanayoyakinga hapo ni baridi na maangavu. Mtu akiyatazama ndani ya kikombe haoni kitu, na kwa sababu hiyo huamini kwamba hamna kitu.

Waama, maji hayo yametoka mbali. Ni mvua iliyonyesha juu ya mashamba ya mahindi na migomba, ikapenya udongo, ikajipenyeza katika nyufa za miamba na hatimaye kuchomoza bondeni. Katika safari hiyo ya gizani maji hayapiti mahali patupu. Ulimwenguni kote, nyufa za miamba na mianya iliyo kati ya chembe za mchanga ni makao ya viumbe wadogo mno, na wengi wao ni krasteshia, yaani wa ukoo mmoja na kaa, kamba na uduvi.

Msomaji ana haki ya kuuliza: viumbe hawa wanamhusu nini mtu ambaye shida yake ni kupata mtungi wa maji safi? Ili kulijibu swali hilo inafaa kwanza kusafiri hadi kisiwani Unguja, ambako mmoja wa viumbe hao alipata jina takriban miaka mia moja iliyopita, kisha kurejea magharibi mwa Kenya.

Kisiwa kinachoelea juu ya maji yake

Sehemu kubwa ya Unguja ni mwamba wa chokaa uliojengwa na matumbawe ya kale. Mwamba huo una matundu na mapango tele, hivyo mvua haikawii juu yake bali huzama upesi. Chini ya ardhi, maji hayo ya mvua hukutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni. Kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake mithili ya mafuta juu ya mchuzi.

Wataalamu wana kanuni inayoeleza hali hiyo: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, huwa kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba mitambo ikivuta maji hadi kimo chake kikashuka mita 1 tu, maji ya chumvi yanaweza hatimaye kupanda kwa mita 40. Wakazi wa Unguja hutegemea zaidi maji ya chini ya ardhi, kwa hiyo jambo hili kwao si hesabu ya darasani.

Ni katika maji hayo ya gizani ndimo alimopatikana uduvi ambaye Louis Fage, mwanazuolojia Mfaransa, alimtangaza kwa wanasayansi jijini Paris mnamo 1924. Uduvi huyo hakuwa na macho ya kuonea. Mahali pa macho palikuwa na vibamba bapa mfano wa magamba. Kiumbe anayeishi kizazi baada ya kizazi mahali pasipofika mwanga hana haja ya macho, na mwili hauendelei kugharimia kiungo kisicho na kazi.

Uduvi wa aina hii wana sifa nyingine inayowatofautisha na kamba wa kawaida. Jike hubeba mayai na watoto wake katika kifuko kilicho chini ya kifua, mfano wa mama aliyefunga mbeleko upande wa mbele.

Majina manne

Fage alimpa kiumbe wake majina mawili, kama desturi ya sayansi inavyodai tangu enzi za Linnaeus, ambaye kitabu chake cha 1758 ndicho mwanzo rasmi wa majina ya wanyama. Jina la kwanza, la jenasi, lilikuwa Lepidophthalmus, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya gamba na jicho. La pili, la spishi, lilikuwa servatus, neno la Kilatini lenye maana ya aliyehifadhiwa.

Hata hivyo, kulikuwa na kasoro. Jina Lepidophthalmus lilikuwa tayari limetolewa mnamo 1904 kwa jenasi ya kamba wachimbao mashimo. Sheria za majina haziruhusu jenasi mbili za wanyama kuitwa jina moja, na aliyetangulia ndiye mwenye haki. Mnamo 1927 mtaalamu aitwaye Zimmer alipendekeza jina Lepidops. Ikabainika baadaye kwamba nalo lina mwenyewe. Mnamo 1961 Clarke akalibadilisha kuwa Lepidomysis.

Mambo hayakukomea hapo. Mwaka ule ule wa 1924, Caroli wa Italia alikuwa ametangaza uduvi kipofu kutoka pango la kusini mwa nchi yake na kuiita jenasi yake Spelaeomysis. Wataalamu walipolinganisha viumbe hao waliamua kwamba yule wa Italia na yule wa Unguja ni wa jenasi moja. Kwa kuwa Spelaeomysis lilikuwa jina halali na lilitangulia yaliyobaki, ndilo lililosimama. Hivi leo uduvi wa Unguja anajulikana kama Spelaeomysis servatus.

Mtu anaweza kudhani kwamba huo ni ubishi wa watu wasio na kazi. La hasha. Ulinganisho huo ndio uliofichua jambo kubwa. Ndugu za uduvi huyo wamepatikana kusini mwa Italia, Kerala nchini India, Mexico na visiwa vya Karibi. Uduvi wa pangoni hana uwezo wa kuvuka bahari kuu. Maelezo yanayotolewa na wataalamu wengi ni kwamba mababu zao waliishi katika bahari ya kale iitwayo Tethys, iliyotenganisha mabara ya kaskazini na ya kusini mamilioni ya miaka iliyopita. Bahari hiyo ilipofungika, vizazi vyao vilibaki katika mapango ya pwani zake. Bila majina sahihi, undugu huo usingeonekana.

Kazi ya kumtambulisha kiumbe

Je, spishi mpya hutambulishwaje? Kazi huanza na chandarua chembamba chenye umbo la faneli na uzito chini yake. Hushushwa kisimani hadi kwenye tope, kikapandishwa na kushushwa mara kadhaa ili kuwatikisa wakazi wa huko. Kwenye chemchemi, chandarua hufungwa mdomoni pa bomba na kuachwa hapo kwa saa nyingi.

Wanaonaswa huhifadhiwa katika spiriti. Kisha, chini ya hadubini na kwa sindano nyembamba, mtaalamu huwafungua kiungo baada ya kiungo: papasi, taya, miguu, mkia. Kila kiungo huchorwa, na kila kinyweleo huhesabiwa, kwa maana mara nyingi spishi mbili hutofautiana kwa idadi ya vinyweleo vya mguu mmoja tu. Siku hizi kipande cha mwili hupimwa pia chembe za urithi.

Baadaye mtaalamu hupitia maandishi yote yaliyotangulia kuhusu jamii hiyo, hata yaliyoandikwa karne moja iliyopita kwa Kifaransa au Kijerumani, ili ahakikishe kwamba kiumbe hajatajwa na jina halijatumiwa. Mnyama mmoja huteuliwa kuwa kielelezo kikuu na kuwekwa katika makavazi, ambapo yeyote mwenye shaka anaweza kwenda kumtazama. Ni baada ya maelezo, michoro na jina kuchapishwa tu ndipo spishi huhesabiwa kuwa imetambulishwa. Kabla ya hapo, hata ikiwa wanakijiji wameiona tangu enzi za mababu, katika daftari la sayansi haipo.

Wala si lazima kiumbe cha ajabu kitoke pangoni. Mnamo 1882, Vejdovský alichunguza maji ya visima vya jiji la Prague akampata krasteshia mdogo, mwembamba na asiye na macho, ambaye alimwita Bathynella natans. Baadaye jamaa za kiumbe huyo walipatikana katika mabara mengi, wakiishi kati ya chembe za mchanga zilizolowa maji. Visima vya watu wa mjini ndivyo vilivyoipa sayansi kundi zima ambalo halikujulikana.

Kaa aliyefichua siri

Kwa wakazi wa magharibi mwa Kenya, faida ya kumjua kiumbe mdogo wa majini iliwahi kuonekana kwa macho, tena kwa maana halisi ya neno hilo. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, sehemu za eneo hilo, zikiwemo za Kakamega, zilisumbuliwa na usubi, ugonjwa unaoweza kumpofusha mtu. Ulienezwa na inzi mdogo mweusi, Simulium neavei, anayezaliana mitoni. Ajabu ni kwamba watafiti walichunguza mawe na majani ya mito bila kuwaona watoto wa inzi huyo.

Mnamo 1950, van Someren na McMahon walieleza katika jarida la Nature mahali walipokuwa: walijishikiza kwenye magamba ya kaa wa mtoni. Siri hiyo ilipofichuka, wataalamu waliweza kuchunguza kaa ili kujua kama mto una inzi au la. Mito ilitiwa dawa ya DDT, na mnamo 1958 jarida la Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha taarifa ya kuangamizwa kwa inzi huyo nchini Kenya.

Aidha, si kila krasteshia wa majini ni rafiki. Krasteshia mdogo aitwaye saiklopsi, apatikanaye katika madimbwi na visima vilivyo wazi, ndiye aliyembeba mnyoo wa Guinea hadi tumboni mwa mnywaji. Kenya ilithibitishwa na WHO kuwa huru kutokana na ugonjwa huo mnamo 2018. Anayeweza kutenganisha rafiki na adui ni yule tu aliyejifunza kuwatambua.

Chemchemi za Khwisero

Khwisero haifanani na Unguja. Iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na chini yake hakuna maji ya chumvi yanayosubiri kupanda. Lakini kanuni moja ni ya kote: kinachomwagwa juu hushuka chini. Mbolea ya shambani, choo cha shimo kilichochimbwa upande wa juu wa chemchemi, kinyesi cha ng'ombe wanaonyweshwa papo hapo, vyote hufuata njia ile ile ya mvua.

Viumbe wa chini ya ardhi hula bakteria na mabaki ya mimea yanayoshuka na maji, na kwa kutembea kwao husaidia mianya isizibe. Huishi polepole na wengi wao huzaa kwa uchache, hivyo wakiangamizwa huchukua muda mrefu kurudi. Katika jimbo la Australia Magharibi, kampuni inayotaka kuchimba madini inaweza kutakiwa kwanza kuchunguza viumbe hao. Hata hivyo, kuwepo kwao hakuthibitishi kwamba maji yanafaa kunywewa. Kazi hiyo ni ya kipimo cha bakteria.

Kuhusu bakteria, magharibi mwa Kenya kuna ushahidi mzuri. Utafiti uliochapishwa mnamo 2011 na Michael Kremer, aliyeshinda Tuzo ya Nobel ya uchumi mnamo 2019, pamoja na wenzake, ulichunguza chemchemi zilizokingwa kwa saruji na bomba. Uchafu wa kinyesi katika maji ya chemchemi hizo ulipungua kwa thuluthi mbili, na visa vya kuhara miongoni mwa watoto wadogo vikapungua kwa robo. Lakini katika maji yaliyokwisha kuwekwa nyumbani uchafu ulipungua kidogo zaidi, kwa kuwa maji hupata uchafu mwingine njiani na mitungini.

Kwa hiyo mkazi wa Khwisero ana kazi mbili zinazoshikana. Ya kwanza ni ya leo: kuikinga chemchemi, kuweka ua ili mifugo isikaribie, kuchimba mfereji wa kuelekeza maji ya mvua kando, kujenga vyoo mbali na upande wa chini, kuosha na kufunika mitungi, na kuyatibu maji ya kunywa. Ya pili ni ya muda mrefu, nayo inaihusu shule ya sekondari iliyo na hadubini na mwalimu wa biolojia: kufunga chandarua chembamba kwenye bomba la chemchemi usiku mmoja na kutazama kilichonaswa asubuhi.

Uduvi wa Unguja alikuwa gizani kwa muda usiohesabika kabla ya mtu kumtia kwenye daftari, na ilichukua miongo kadhaa kabla ya jina lake kutulia. Jina halikumbadilisha yeye. Lilibadilisha watu, ambao tangu hapo hawawezi kusema kwamba chini ya kisiwa chao hamkuwa na kitu.