Walimu wawili wa Meru na Embu, na kura iliyokuwa ya wachache

Hebu fikiria: umefika kituoni kupiga kura. Jirani yako anaambiwa ana kura tatu. Wewe huna hata moja, eti kwa sababu huna cheti cha kuonyesha kwamba wewe ni mwaminifu kwa serikali.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Meru na Embu mnamo Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua kwa mara ya kwanza wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, LegCo.

Haki ya kupiga kura ilitegemea mambo kama elimu, kipato, mali na umri. Mwenye sifa nyingi alipewa hadi kura tatu. Na kwa kuwa Hali ya Hatari ilikuwa bado ipo, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alihitaji pia hati ya uaminifu. Aliyeshukiwa kuunga mkono Mau Mau hakuipata.

Hapo ndipo mwalimu kutoka Meru, Bernard Mate, alipoibuka. Alimbwaga Eliud Mathu, aliyekuwa pia mwalimu na Mwafrika wa kwanza kuingia LegCo, mwaka 1944. Lakini tuseme ukweli: Wameru wengi walikuwa na hati, huku Wakikuyu wengi wakifungiwa nje. Uwanja haukuwa sawa.

Swali ni, Mate alikifanyia nini kiti hicho? Hakukikalia tu. Yeye na wenzake saba, wakiwemo Tom Mboya, Oginga Odinga na Daniel arap Moi, walikataa vyeo vya uwaziri na kudai Waafrika waongezewe viti 15. Wakoloni wakatoa 6, uchaguzi ukafanyika Machi 1958.

Mmoja wa walioingia kupitia viti hivyo alikuwa mwalimu mwingine, Jeremiah Nyagah wa Embu, aliyesoma Alliance na Makerere. Huyu naye sio mchezo: alikuwa waziri wa elimu, kisha wa kilimo, akabaki bungeni hadi alipostaafu 1992 bila kushindwa. Alifariki 2008. Pengine unamkumbuka mwanawe, Joseph Nyagah, aliyewania urais 2017.

Sasa turudi kwetu. Leo hakuna anayekuuliza mshahara wala hati ya uaminifu. Ukiwa na miaka 18 na kitambulisho, kura yako ina uzito sawa na ya tajiri yeyote. Hata hivyo, katika uchaguzi wa 2022, vijana wa miaka 18 hadi 35 walikuwa asilimia 39.84 tu ya wapigakura waliosajiliwa, na idadi yao ilikuwa imepungua ikilinganishwa na 2017.

Wengi wetu tunasema kura haibadilishi kitu. Lakini Mate aliingia kwa sheria mbovu, akasaidia kuibana hadi ikalegea. Ukiona mlango ni mwembamba, ingia kwanza, kisha uupanue kwa ajili ya wanaokufuata.