Heshima ya Aliyefika wa Mwisho

Wewe unayesali Kilosa mjini, Kimamba au pale Mikumi barabarani, unazijua zile karibu kilomita 50 za lami zinazokatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Kwa abiria wa basi ni muda wa kusinzia kidogo na kuamka kutazama twiga. Toa humo kilomita nane hivi. Zinazobaki ndizo mbio za marathoni. Sasa fikiria kuzikimbia goti likiwa limeteguka.

Ndivyo alivyofanya John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, Oktoba 20, 1968, katika Olimpiki ya Mexico City, jiji lililo zaidi ya meta 2,200 juu ya usawa wa bahari. Njiani aligongana na wenzake, akaanguka, akaumia goti na bega. Walioanza mbio walikuwa 75, na 18 hawakumaliza. Mamo Wolde wa Ethiopia alinyakua dhahabu, na watazamaji wengi wakaenda zao. Zaidi ya saa moja baadaye, giza likiingia, Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Alikuwa wa 57, wa mwisho kabisa. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio tu, bali azimalize.

Wapo wanaodhani alikuwa mkimbiaji dhaifu. La hasha! Mwaka 1970 alishika nafasi ya tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh. Lakini anayekumbukwa ni yule wa 57, na ndiye taifa lilimtunuku nishani mwaka 1983.

Hesabu mwenyewe: miaka 15. Kwa wengine huwa mirefu mno. Marekani, katika mji wa Cooperstown, kuna jumba la heshima la wachezaji wa besiboli, na watano wa kwanza walichaguliwa mwaka 1936. Weusi waliokuwa wamefungiwa nje ya ligi kuu, wakacheza katika ligi zao wenyewe, walianza kuingizwa humo mwaka 1971, akitangulia Satchel Paige. Mwaka 2006 waliingizwa watu 17 wa ligi hizo kwa mkupuo, wote marehemu. Buck O'Neil, mzee wa miaka 94, alikosa kura. Hata hivyo alikubali kusimama siku ile kuwasemea wenzake. Akafariki mwaka huohuo. Jina lake liliingizwa mwaka 2022.

Sisi je? Jiwe la msingi la kanisa lina jina la mgeni rasmi. Akina mama waliosomba mchanga kwa ndoo kutoka mtoni hawamo. Hayumo mwinjilisti aliyezunguka vijijini kwa baiskeli, mvua na jua, akilipwa mkungu wa ndizi. Hayumo mzee aliyeigonga ile rimu ya gari kila Jumapili alfajiri kabla hatujanunua kengele. Wengi wao tunausikia wasifu wao kwa mara ya kwanza jeneza likiwa mbele yetu.

Mtume Paulo hakusubiri hivyo. Soma Warumi sura ya 16, ile tunayoiruka kwa kuwa ni majina tu. Anamtaja Fibi, Priska na Akila, Mariamu, na kwa wengi anaeleza walichofanya. Barua ilisomwa mbele ya kusanyiko, wengi wao wakiwa hai na masikio yao wakiwa nayo.

Basi wiki hii muulize mzee mmoja wa kanisa lako ni nani waliofyatua matofali ya kwanza. Yaandikwe majina hayo kwenye daftari, yasomwe wakati wa matangazo, wenyewe wakiwa wameketi benchi la nyuma karibu na mlango, wanakokaa siku hizi kwa sababu ya miguu.