Rangi Ilindayo Mizizi

Wasomaji wengi wa gazeti hili wametoka mlimani, Marangu, Machame, Rombo na kwingineko, nao wanajua kihamba ni nini: kahawa chini ya migomba, na migomba chini ya miti mikubwa. Bila shaka wamewahi kuona mgomba ambao majani yake ya chini yamegeuka manjano, yakanyauka na kuning'inia. Ukilikata shina utaona ndani alama za kahawia zilizopangika kama pete. Huo ni mnyauko wa Panama, uletwao na ukungu wa udongoni uitwao fuzari. Ukungu huingia kwa njia ya mizizi, huziba mishipa ya maji, na mgomba hufa kwa kiu hata katika masika. Dawa ya kuuponya hakuna, na mbegu za ukungu hukaa udongoni miaka 20 na zaidi. Mchare, ndizi yetu ya mtori, ni miongoni mwa ndizi zinazoshikwa. Nyumbani kwetu tumeng'oa mashina sita, na Bibi sasa hununua sokoni ndizi ambazo zamani aliwagawia majirani.

Fuzari naye ana adui. Mizizi ya mmea hutoa sukari na vyakula vingine, na bakteria hukusanyika hapo kula. Baadhi yao, wa jamii ya sudomona, hutengeneza rangi ziitwazo fenazini: manjano, kijani, buluu. Ile buluu ilianza kuchunguzwa zamani. Mwaka 1882 Mfaransa Carle Gessard, mfamasia wa jeshi, alitafuta sababu ya bandeji za majeruhi kugeuka buluu na kijani, akamkuta bakteria aifanyaye. Huyo hatumtaki shambani, kwani huambukiza vidonda. Lakini wapo ndugu zake wasio na madhara hayo.

Fenazini ni mchukuzi. Huingia katika chembe hai ya ukungu, hunyang'anya elektroni, kisha huipa oksijeni. Hapo huzaliwa vitu vikali, kama haidrojeni peroksaidi, ile ya kusafishia vidonda, navyo huichoma chembe toka ndani. Lililonistaajabisha zaidi ni kwamba bakteria walio wachache hawaifanyi rangi hiyo. Hupelekeana ishara za kikemia, na ishara zikizidi ndipo huanza kazi pamoja, kama watu wa msaragambo waliosikia baragumu.

Je, kweli silaha ni hiyo rangi? Mwaka 1998 wataalamu wa Leiden, Uholanzi, walieleza habari za sudomona wa mizizi ya nyanya aliyezuia fuzari. Walipoiharibu jeni yake ya kutengeneza fenazini, nyanya zikakosa ulinzi wake. Fuzari wa nyanya ni ndugu wa huyu wa migomba.

Hata hivyo, mtu asikimbilie kununua chupa ya bakteria. Katika sahani ya maabara ukungu husimama. Shambani kuna ukame, baridi na bakteria wenyeji, na mara nyingi wageni hawadumu. Mimi naona afadhali watafutwe wale waliokwisha kuzoea udongo wetu wa volkano, kwenye mizizi ya migomba iliyobaki hai kati ya iliyokufa. Kwa sasa tusipande machipukizi ya shina lililougua, wala tusiazimane majembe bila kuyaosha. Aina kali zaidi ya ukungu huu ilitangazwa Msumbiji mwaka 2013, nao husafiri katika udongo ulioganda kwenye kiatu.