Chumvi ya mama, ubongo wa mtoto

Wazee wetu wa Bulyaga na Tukuyu wanakumbuka wakati rovu, ule uvimbe wa tezi shingoni, lilipokuwa jambo la kawaida katika nyanda hizi. Rovu si uchawi. Mvua nyingi za milimani huosha madini joto kutoka kwenye udongo, na ndizi, viazi na mboga zinazoota hapo huyapata kidogo. Shamba linaweza kuwa la kijani kama yetu na bado likapungukiwa.

Shingo huonekana. Kisichoonekana ni ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Ndugu wasomaji, Qur'ani katika Surat al-Muuminun inaeleza kuumbwa kwetu hatua baada ya hatua. Katika hatua hizo, mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tu tangu mimba kutungwa. Dada wengi wakati huo hawajajua hata kama ni wajawazito! Ndiyo maana vidonge vya foliki asidi vinafaa kuanzwa kabla ya mimba. Kisha, mpaka karibu nusu ya ujauzito, tezi ya mtoto haijaweza kujitosheleza, hivyo hutegemea homoni za tezi ya mama. Mama akipungukiwa sana na madini joto, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, mdumavu au mzito wa kuelewa, na dawa za baadaye hazirudishi kilichopotea.

Kuanzia mwaka 1986 hadi katikati ya miaka ya 1990, serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, nyingi zikiwa huku Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 2009 Erica Field na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa watoto ambao mama zao walikingwa na vidonge hivyo walisoma zaidi kwa kama theluthi hadi nusu ya mwaka, hasa wasichana. Wengine waliorudia hesabu zile hawakuona faida kubwa kiasi hicho. Wabishane kuhusu miezi ya shule. Madhara ya upungufu wenyewe hayana ubishi.

Siku hizi kinga imo kwenye chumvi. Baba unayenunua chumvi ya mawe ya kupima kwa kikombe kwa sababu ni rahisi, tazama kwanza kama imetiwa madini joto. Nunua ya pakiti yenye maandishi hayo. Nyumbani iwekwe kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na jiko, jua na unyevu (na Tukuyu unyevu hatuukosi), kisha itiwe chakula kinapokaribia kuiva. Si lazima iwe nyingi. Ikizidi hupandisha presha.

Baada ya kuzaliwa kazi inaendelea. Ubongo wa mtoto mchanga una uzito wa kama robo ya ule wa mtu mzima. Akifika miaka miwili umeshafika kama robo tatu. Ni miaka miwili ile ile ya kunyonyesha iliyotajwa katika al-Baqara, aya ya 233, na madini joto ya mtoto katika miezi sita ya mwanzo hutoka kwenye maziwa ya mama. Kwa hiyo chumvi ya mzazi isibadilishwe akishajifungua.

Na dada ukikosa siku zako, usingoje tumbo lionekane. Nenda kliniki kabla ya wiki ya 12, na mumeo akusindikize.