Goti la Anayetembea Kutwa

"Daktari, unaniambia nitembee zaidi, na kutembea ndiko kulikoniumiza?" Swali hili nimelisikia kwa akina mama wengi wa Kitui Magharibi, na lina haki kuliko majibu ambayo sisi wa fizioterapia huyatoa kwa haraka. Anayeuliza ameteremka alfajiri hadi shimo la maji lililochimbwa kwenye mchanga wa mto, akapanda kilima na mtungi wa lita 20 mgongoni, ukanda umempita kwenye paji la uso, kisha akatoka tena kwenda Kabati sokoni. Ukimpa karatasi iliyoandikwa "tembea nusu saa kila siku", hukumsikiliza.

Hata hivyo, ushauri huo una msingi. Mwaka 2025 jarida la BMJ la Uingereza lilitoa uchambuzi uliounganisha majaribio 217 ya mazoezi kwa watu wenye ostioathritisi ya goti, ule uchakavu wa kiungo unaowapata wengi kadiri umri unavyosonga. Washiriki walikuwa zaidi ya 15,000. Aina za mazoezi zilipambanishwa: yanayohemesha, kama kutembea kwa kasi, baiskeli na kuogelea, yanayojenga nguvu za misuli, ya kunyoosha viungo, ya kufundisha mwili uwiano na mizani, yale ya polepole yanayoshirikisha akili, kama tai chi na yoga, na ya mchanganyiko. Yanayohemesha ndiyo yaliyoongoza mara nyingi zaidi katika kupunguza maumivu na kurahisisha mwendo. Ni rahisi kuyasoma matokeo hayo na kutangaza kwamba kutembea kumeshinda.

Mimi sitangazi, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba aina hizi zikilinganishwa moja kwa moja, mara nyingi hazipishani sana. Jaribio la Marekani lililojulikana kama FAST, ambalo matokeo yake yalitoka 1997, liliwagawa watu 439 wenye umri wa miaka 60 na zaidi katika makundi matatu: waliotembea kwa ratiba, waliofanya mazoezi ya uzani, na waliopewa mafunzo ya afya tu. Baada ya miezi 18 makundi yote mawili ya mazoezi yalikuwa na maumivu madogo kuliko lile la tatu, na faida yao ilikuwa ya wastani. Jaribio jingine la huko huko, START la 2021, liliuliza kama uzani mkubwa unatibu goti kuliko uzani mwepesi. Watu 377 walifuatiliwa kwa miezi 18, na waliobeba vizito hawakupata nafuu kubwa kuliko wengine. Vijana wa jimu wanaowahimiza wazazi wao kukaza meno na kuongeza chuma walisome hilo kabla ya kesho.

Sababu ya pili ndiyo inayonigusa zaidi, nayo ni watu wenyewe waliopimwa. Chukua jaribio la IDEA la 2013, mojawapo ya yanayotajwa sana, lenye washiriki 454. Ili uingie ulitakiwa uwe na uzito uliozidi na maisha ya kukaa, yaani mtu ambaye kwa wiki nzima hafanyi hata nusu saa ya mazoezi. Mtu wa namna hiyo ukimpa kutembea, umempa kitu ambacho hakuwa nacho. Mama wa Kabati anacho tayari, tena kupita kiasi. Anachokosa kiko kwingine.

Wengi husema mafuta ya goti yameisha. Maelezo hayo yamekaa vibaya kwa sababu yanamfanya mtu alitunze goti kwa kulilaza. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka pale gegedu inapobanwa na kuachiwa, kama sifongo. Goti lisilosogezwa hukosa chakula, na msuli wa mbele wa paja husinyaa. Msuli huo ndio unaopokea mshtuko unapoteremka mlima. Ukilegea, mshtuko wote huangukia kiungo. Kwa hiyo goti linahitaji kubanwa na kuachiwa, ila kwa kipimo.

Hapo ndipo kazi na mazoezi vinapoachana. Mazoezi huanza chini, huongezwa kidogo kidogo, na huacha nafasi ya kupumzika. Shamba halikuulizi goti limeamkaje. Ndengu zikikomaa zinavunwa leo, maji yakiisha yanafuatwa leo, na mteremko wa kwenda mtoni haupungui makali kwa sababu jana uliumia. Misuli inayofanya kazi hivyo miaka 30 hustahimili, lakini si lazima iwe na nguvu za ziada. Nimewaona wanawake wanaotembea kilomita nyingi kwa siku wakishindwa kuinuka kwenye kigoda bila kusukuma kwa mikono.

Kwa mtu huyo, mimi huanza na nguvu, na maoni haya ni yangu kutokana na kazi. Kiti cha kawaida chatosha. Akae, ainuke polepole bila mikono, akae tena polepole zaidi, mara 8 hadi 12, apumzike, arudie mizunguko miwili au mitatu. Siku tatu kwa wiki, si kila siku, kwa kuwa msuli hujengeka unapopumzika. Kiti kikiwa rahisi, atafute kilicho kifupi. Kisha apande na kushuka ngazi moja ya mlangoni akishikilia ukuta. Kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, kikifungwa kwenye mguu wa meza na kwenye kifundo cha mguu, kinatosha kunyoosha goti dhidi ya ukinzani; mipira inayouzwa madukani kwa kazi hiyo haina siri ya ziada.

Fundi cherehani mjini, mwenye duka, wakala wa M-Pesa, dereva wa matatu na mama anayesuka vyondo ameketi asubuhi hadi jioni ni habari tofauti. Hao nawapa kutembea kwanza, sawa na uchambuzi ule wa BMJ: dakika 10 barabara tambarare, mwendo wa kuweza kuongea ila si kuimba, kisha waongeze hadi dakika 30 au zaidi. Baiskeli ni nzuri pia kwa goti linalokataa kutembea. Bwawa la kuogelea nitaliruka. Sijui ni nani Kabati ataliona leo au kesho. Tai chi imefanya vizuri: mwaka 2016 watafiti wa Boston waliilinganisha na fizioterapia kwa watu 204, na nafuu ikawa karibu sawa. Kinachofanya kazi humo ni kuhamisha uzito polepole mguu kwa mguu, goti likiwa limekunjwa kidogo. Bibi zetu waliocheza kilumi kwa mdundo wa ngoma ndefu hawangehitaji kufundishwa jambo hilo na mtu kutoka Boston.

Maumivu wakati wa mazoezi huwaogopesha watu, na ndiyo sababu wengi huacha wiki ya pili. Kanuni inayotumika sana, hata katika mpango wa mazoezi wa GLA:D ulioanza Denmark 2013, ni hii: kwa kipimo cha 0 hadi 10, maumivu yasiyozidi 5 yanavumilika, mradi ndani ya saa 24 goti lirudi lilivyokuwa. Likiamka limevimba au linauma kuliko jana, punguza idadi safari ijayo, usiache. Usimeze diklofenaki ili uweze kufanya mazoezi au kwenda shamba. Dawa hiyo inauzwa kwenye kemisti kama peremende, na inaweza kuumiza figo, kupandisha presha na kutoboa tumbo, hasa kwa wazee.

Nafuu ni ya kiasi gani? Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya 2015 yalikuta kwamba, kwa kipimo cha 0 hadi 100, mazoezi yalishusha maumivu kwa alama kama 12 mara tu baada ya programu. Miezi miwili hadi sita baadaye faida ilikuwa imeshuka hadi alama kama 6. Goti halikumbuki mazoezi ya mwaka jana.

Uzito nao una hesabu yake. Utafiti wa 2005 ulionyesha kwamba kila kilo ya mwili inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Mtungi wa mgongoni haukupimwa humo, lakini goti halitofautishi kilo ya mwili na kilo ya maji. Ndiyo maana punda, mkokoteni, au mabwawa ya mchanga yanayosogeza maji karibu, ambayo shirika la SASOL limejenga kwa mamia Kitui tangu miaka ya 1990, nayahesabu kuwa tiba ya goti, japo hakuna daktari anayeyaandika kwenye kadi.

Ratiba ifuate majira. Mvua za vuli zikianza na palizi ikifika Novemba na Desemba, mazoezi ya kiti yapunguzwe hadi mara moja au mbili kwa wiki. Mwili una kazi tosha ya kuinama. Agosti na Septemba shamba limetulia, ila maji yako mbali. Siku ya kwenda mtoni isiwe siku ya mazoezi. Wakati bora wa kujenga nguvu ni pale mavuno yamekwisha na matangi bado yana maji.

Goti lililovimba ghafla, lina joto na linaambatana na homa lifike hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo lililokwama lisinyooke, au lisilobeba uzito baada ya kuanguka. Haya yote ni mambo mengine kabisa, na kiti hakiyatibu.