Soma Taya Kabla Bonasi Ikauke

Bonasi ya majani ikiingia Oktoba, kutoka Kericho hadi Bomet ndai zinabadilisha sura. Fielder ilikuwa imekaa kwa boma la mbuyu ikinyeshewa miezi mingi, ghafla unaicheki ikipita Brooke na marimu nyeusi za inchi 17, raba nyembamba ka chapo ya hoteli, dere amelaza siti, mkono moja kwa usukani. Luku iko, siwezi kataa. Hata mi nazimia ndai imesimama fiti. Shida ni venye mbogi hununua. Msee anaingia duka tao, anachagua rimu na macho, halafu anauliza swali moja tu: "Itaingia?"

Muuzaji siku zote atasema inaingia. Na hata hadanganyi sana, juu karibu kila kitu huingia fundi akiwa na nyundo.

Hebu inama hapo kando ya taya yako. Ka ni Fielder ya kutoka 2012 kupanda, mara mingi utapata 175/65R15 84S. Hiyo 175 ni upana wa taya kwa milimita. 65 si milimita, na hapo ndo wasee wengi hupotea njia: ni asilimia ya ule upana. Yaani ukuta wa raba, kutoka kwa rimu hadi lami, ni 65 kwa mia ya 175, karibu mili 114. R si ya rimu, hata ka mtaa mzima unaimba "R15". Ni radiali, venye nyuzi za ndani zimelazwa, na ndai ndogo za siku hizi karibu zote ziko hivo, so usisumbuke nayo. 15 ndo saizi ya rimu, kwa inchi. Mbona walichanganya milimita na inchi kwa laini moja, hiyo waulize wazee wa viwanda.

Sasa piga hesabu. Ukuta wa juu, ukuta wa chini, jumlisha rimu katikati: mili 609. Hiyo namba ndo ya kulinda, juu spidomita ilipangwa nayo, na nafasi ya fenda pia. Ukitaka kupanda hadi inchi 16, ukuta lazima ushuke ndio kimo kibaki: 185/55R16 inakupea 610, ndai haitajua hata ka umebadilisha. Lakini ukibaki na rimu ya 15, muuzaji akose 175/65R15 akuwekelee 195/65R15, ati "si zote ni fifitini," umeruka hadi 634 na kitu. Hiyo ni asilimia 4 juu, na wasee wa mataya hupenda ukae ndani ya 3. Spidomita ikikuambia uko 50 pale Kapsoit, ukweli uko 52, na sanse mwenye mashini hana time ya hesabu yako. Ukipakia watu nyuma na ukate kona kabisa, raba inaweza kulamba fenda.

Turudi kwa hizo 17. Wengi huishia na 205/40R17, ukuta wa mili 82. Umetoa mili 32 za raba na upepo, na hizo ndo zilikuwa zinasimama kati ya rimu yako na shimo. Kericho hunyesha mchana karibu mwaka mzima, buda. Shimo ya Litein ikijaa maji inakaa sawa na lami, huwezi jua kina yake hadi uisikie kwa mgongo. Ukuta mrefu unajikunja, unameza. Ukuta mfupi unapitisha kishindo yote kwa rimu, rimu inapinda, ama taya inaota nundu kando. Hiyo nundu ni nyuzi za ndani zimekatika. Hakuna kiraka, hakuna fundi wa kuitibu, taya imededi. Ongeza hapo ati taya pana huelea mapema kwa maji kuliko nyembamba, halafu fikiria ule mteremko wa lami imelowa na trela ya majani mbele yako.

Na ka unadhani hii ni stori ya wazee waoga, cheki Safari Rally. Tangu irudi kwa WRC 2021 pale Naivasha, mayut wa Subaru hutoka hata huku juu kwenda kupiga sherehe. Wanarudi na stika za timu, wananunua marimu za 18. Lakini zile ndai zenyewe, ngori kuliko zote duniani, zikikanyaga vumbi na mawe huvaa 205/65 kwa rimu ya 15. Ukuta wa 65, rimu ya 15, ka Fielder ya mbuyu wako. Za 18 wanazo, ila huzifunga kwa rali za lami. Hao wasee wana ganji ya kununua saizi yoyote wanataka.

Ukisisitiza kubadilisha rimu, sawa, lakini inchi pekee haitoshi. Kuna mashimo ya nati. Vitz, Fielder na Probox zina mashimo manne kwa duara ya mili 100. Premio 260 ina matano kwa 100. X-Trail na Harrier pia zina matano, lakini kwa 114.3, kwa hivo kuhesabu "tano kwa tano" ukiwa umesimama mbali ni kujiingiza baridi. Inayochekesha ni Premio na zile Forester za kabla ya 2018. Zote ni tano kwa 100, na marimu za Subaru zinapendwa vibaya huku. Sasa tundu la katikati la rimu ya Subaru ni mili 56.1, na kitovu cha Premio ni 54.1. Rimu inaingia laini kabisa, halafu inacheza, na ukifika 90 usukani unaanza kutetemeka. Dawa ni ringi ndogo za kujaza hiyo nafasi, fundi aliyechanuka anazijua. Nayo rimu ya Premio ikienda kwa Subaru haikai, tundu ni dogo. Nati pia usizihamishe: zote ni unene wa mili 12, lakini meno ya Toyota ni 1.5 na ya Subaru ni 1.25. Ukilazimisha na spana ndefu unakula meno ya stadi, na siku ya panchari usiku huko Kaplong hiyo nati itakataa kutoka.

Turudi kwa taya: kuna namba ya mwisho kwa ule mstari watu huruka, ile ya mzigo, na kwa Probox ndo muhimu kushinda zote. Ile iliyotoka 2014 kuendelea huja na 155/80R14 88/86N. Inakaa ka taya ya nduthi, nyembamba hadi aibu, so msee anaitoa anaweka 175/70R14 84T, pana, sura poa, kimo karibu sawa. Saizi imeingia, mzigo umekataa. 88 ni kilo 560 kwa kila taya. 84 ni kilo 500. Mara nne, umetupa kilo 240 za uwezo, kwa ndai ambayo kazi yake ni kubeba gunia na watu ambao hata hawafai kutoshea. T inaruhusu 190 kwa saa, ndio, lakini nani anapiga 190 na Probox ya Sotik? Nunua 88 na uache urembo. Halafu fungua mlango wa dere usome stika ya presha, ile ya Kijapani. Ikisema 230 kPa, hiyo ni karibu 33 kwa geji ya petroli stesheni, na upime taya ikiwa baridi, kabla ya safari.

Kuhusu taya za mtumba kutoka Japan: meno inaweza kuwa bado ndefu na raba ishazeeka. Tafuta neno DOT, fuata hadi tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tarehe hiyo huwa mara nyingi upande mmoja tu wa taya, na fundi akiufunga ukiangalia ndani, utalala kwa matope chini ya ndai na tochi ya simu ukiitafuta. Isome ikiwa bado imelala kwa duka, M-Pesa ikiwa bado kwa mfuko.