Santuri za chaneli nne: okoa mfereji kwanza, fumbua baadaye

Albamu ya Pink Floyd, The Dark Side of the Moon, ilipotoka mwaka 1973, ilitoka katika sura mbili. Ya kwanza ni ile ya stirio ambayo dunia nzima inaijua. Ya pili ilichanganywa na Alan Parsons, fundi mitambo wa studio ya Abbey Road, kwa ajili ya spika nne: mbili mbele ya msikilizaji na mbili nyuma yake. Kwa miaka mingi, aliyetaka kuusikia mchanganyiko wa Parsons hakuwa na njia rasmi isipokuwa santuri au kanda za wakati ule. Ilibidi asubiri hadi 2011, ulipotolewa kwenye diski ya dijitali ndani ya toleo maalumu lililoitwa Immersion.

Albamu hiyo ilibahatika kwa sababu ni maarufu. Katika miaka ya 1970 kampuni za Marekani, Japani na Ulaya zilitoa mamia ya santuri za chaneli nne, za roki, soul, jazi na muziki wa okestra. Baadhi zimerudi sokoni kupitia Dutton Vocalion ya Uingereza, au Rhino ya Marekani katika mfululizo wake wa Quadio. Nyingi hazijarudi. Mchanganyiko wake umebaki pale pale ulipochongwa, kwenye plastiki yenye umri wa nusu karne, inayoliwa kidogo kidogo kila inapochezwa.

Kwa hiyo anayezihamishia santuri hizi kwenye kompyuta sebuleni kwake anafanya kazi ya hifadhi, na ninaamini inastahili heshima na nidhamu ya hifadhi. Kanuni yake kuu ni hii: nasa kila kilichomo kwenye mfereji wa santuri, ukitunze jinsi kilivyo, kisha ndipo ushughulike na kukifumbua. Wengi huanza na kufumbua. Hupata faili ya kusikiliza leo, lakini hubaki bila chochote cha kurudia kesho.

Chaneli nne ndani ya kuta mbili

Mfereji wa santuri ya stirio una kuta mbili, na kila ukuta hubeba chaneli moja. Swali lililowakabili wahandisi ni namna ya kuzikalisha chaneli nne mahali penye nafasi mbili. Walilijibu kwa njia mbili zisizopatana.

Njia ya kwanza ni ya kuzifumba chaneli nne ndani ya mbili kwa hesabu. Mmarekani Peter Scheiber ni miongoni mwa waasisi wa wazo hilo. Kampuni ya CBS ikatoa mfumo wa SQ, kazi ya Benjamin Bauer wa maabara zake, na Sansui ya Japani ikatoa QS. Katika SQ, chaneli mbili za mbele hukaa kila moja kwenye ukuta wake, kama stirio ya kawaida. Za nyuma huandikwa kwenye kuta zote mbili kwa wakati mmoja, mawimbi ya ukuta mmoja yakipishana na ya mwingine kwa digrii 90. Kwa chaneli ya nyuma kushoto ukuta mmoja hutangulia. Kwa ya nyuma kulia hutangulia ule wa pili. Dekoda, yaani kifaa cha kufumbua, huusoma mpishano huo na kujua sauti irudishwe wapi.

Njia ya pili ni CD-4 ya JVC, iliyoanza Japani mwaka 1971 na kuchukuliwa Marekani na RCA kwa jina la Quadradisc. Hapa hakuna fumbo. Kila ukuta huandikwa jumla ya sauti ya mbele na ya nyuma ya upande wake, hadi kilohezi 15. Juu yake, katika masafa ambayo sikio la binadamu haliyafikii, huwekwa wimbi la kubebea la kilohezi 30, nalo hubeba tofauti kati ya mbele na nyuma. Ukiongeza tofauti kwenye jumla, sauti ya nyuma hufutika na kubaki ya mbele. Ukiitoa, ya mbele hufutika na kubaki ya nyuma. Mwenye mashine ya kawaida naye hakukosa kitu, kwani alisikia jumla pekee, yaani stirio kamili.

Kabla hujagusa chochote, soma jalada. Alama ya SQ, QS, CD-4 au Quadradisc ndiyo itakayokuonyesha njia ya kufuata.

Maji kwanza

Vumbi lililoganda kwenye mfereji husikika kama mlio katika stirio. Katika santuri ya chaneli nne huharibu pia ramani ya mahali sauti inapotoka, kwa sababu dekoda huudhani mlio huo kuwa ni muziki na kuutupa kwenye spika yoyote. Osha kwa maji yaliyotoneshwa yenye tone la sabuni laini na kitambaa cha nyuzi ndogo, ukifuata mzunguko wa mfereji bila kuukata. Kinga lebo ya katikati isilowe. Suuza kwa maji mengine safi, kisha simamisha santuri ikauke.

Wapo wanaotia spiriti kidogo kwenye maji hayo, na plastiki ya vinili huivumilia. Onyo langu ni kwa wenye santuri kongwe za mizunguko 78, za kizazi cha zile alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928. Zile ni za sheleki, na spiriti huyeyusha sheleki. Zisiguswe nayo hata kidogo.

SQ: usawa wa sindano

Kwa kuwa siri ya SQ na QS imo katika mpishano wa mawimbi kati ya kuta mbili, kosa dogo la usawa ni kosa kubwa. Katriji, yaani kichwa kinachoshika sindano, ikiinama upande mmoja, ukuta wa kushoto huvujia wa kulia, na dekoda hudanganyika. Kipimo chake hakihitaji chombo cha bei. Tafuta santuri yoyote ya mono, hata ile sahani ndogo ya dansi iliyobaki nyumbani. Irekodi, pindua mawimbi ya chaneli moja kwenye programu kama Audacity, kisha changanya chaneli zote mbili. Kwa kuwa mono ni sauti ile ile pande zote, zikilingana zinafutana. Rekebisha mwinamo wa katriji na kiwango cha kila chaneli mpaka muziki uzame na kubaki mikwaruzo mitupu. Hapo sindano yako iko tayari kwa SQ.

Rekodi kwa biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde, na hifadhi bila ubanaji unaopoteza. MP3 haifai hapa. Hupunguza data kwa kutupa kile inachokisia kuwa sikio halitakikosa, na mpishano ule mdogo wa mawimbi ni miongoni mwa vinavyoumia.

Ndipo ufumbuzi ufuate. Dekoda za kwanza za SQ zilikuwa dhaifu: sauti ya mbele kushoto ilivuja katika spika zote mbili za nyuma, ikiwa imepungua kwa desibeli 3 tu. Wahandisi wakaongeza saketi za kutambua sauti iliyo kubwa kwa wakati huo na kuzinyamazisha spika nyingine. Kilele cha juhudi hizo kilikuwa mashine zenye mfumo wa Tate, kama ile ya Jim Fosgate, zilizokuja soko la kwadrafoni, yaani sauti ya chaneli nne, likiwa limeshaanguka. Kompyuta ina faida ambayo mashine hizo hazikuwa nayo. Kwa kuwa wimbo wote umo kwenye faili, programu inaweza kutazama kilicho mbele kabla ya kuamua sauti iende wapi, bila kukurupuka.

CD-4: kuona kisichosikika

CD-4 inadai vifaa zaidi. Sindano ya kawaida yenye ncha ya mviringo haiingii kwenye vijipindo vya kilohezi 30, na ikiwa nzito huvisaga. Ndiyo sababu Norio Shibata wa JVC alibuni ncha inayougusa ukuta wa mfereji kwa mstari mrefu mwembamba, ikisambaza uzito huku ikifuata vijipindo vidogo. Ncha ya Shibata ilidumu kuliko mfumo iliobuniwa kwa ajili yake. Hadi leo inauzwa kwa wapenzi wa stirio. Waya kutoka kwenye mkono wa pleya nao uwe mfupi, wenye kapasitansi isiyozidi pikofaradi 100, la sivyo masafa ya juu yatapotelea njiani.

Kisha kuna kiwango cha sampuli. Diski ya CD huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo haiwezi kushika kitu kinachozidi kilohezi 22. Ukirekodi CD-4 kwa kiwango hicho, muziki utausikia vizuri kabisa, kumbe umetupa kile chote kinachotenganisha mbele na nyuma. Sampuli 96,000 hufika kilohezi 48, pembamba lakini hupita. Sampuli 192,000 huacha nafasi ya kutosha, na ndizo ninazozipendekeza. Albamu ya dakika 40 kwa kiwango hicho, kabla ya kubanwa, ni kama gigabaiti 2.8.

Mafanikio yake huonekana kabla ya kusikika. Fungua rekodi katika Audacity na ubadilishe mwonekano uonyeshe masafa. Chini utaona muziki ukipanda na kushuka hadi kwenye kilohezi 15. Juu yake pana ukanda hafifu, kisha kwenye kilohezi 30 mstari angavu ulionyooka, unaotanuka pande zote mbili muziki unapokolea. Mstari huo ndio uliokuwa ukiwasha taa ndogo ya dekoda za zamani kumjulisha mwenye nyumba kwamba wimbi limepatikana. Ukikatika-katika, hasa kuelekea mwisho wa upande, ama sindano haikai sawa ama santuri ilishachezwa sana na sindano mbaya. Ukiifumbua hivyo hivyo, nyuma utasikia mchakacho wa msasa.

Faili na spika

Rekodi ile ya kwanza, yenye chaneli mbili na kila kitu ndani yake, ndiyo faili mama. Iandike jina la mfumo, namba ya toleo, katriji iliyotumika na tarehe. Iweke katika diski mbili tofauti na usiihariri kamwe. Kusafisha milio, kusawazisha na kufumbua kufanyike kwenye nakala.

Matokeo ya kufumbua yahifadhi kwa FLAC, inayokubali hadi chaneli nane bila kupoteza kitu. Ampilifaya ya sinema ya nyumbani ikigoma faili ya chaneli nne, tengeneza ya 5.1 na uiache kimya chaneli ya katikati na ya spika ya besi. Zingatia na mpangilio wa chumba. Katika sinema, spika za nyuma hukaa karibu na ubavu wa msikilizaji, kwenye digrii 110 hivi. Mchanganyiko wa chaneli nne ulitengenezwa kwa pembe nne za mraba, kwa hiyo zisogeze hadi digrii 135, na za mbele zitanue. Nakala hii ni ya kusikiliza wewe mwenye santuri. Kuiuza au kuigawa ni kuvunja haki za wenye muziki.

Kwadrafoni iliporomoka kibiashara kabla muongo haujaisha, lakini hesabu zake ziliendelea kuishi. Kufumba chaneli nne ndani ya mbili ndiko kulikoiwezesha Dolby Stereo kuzipeleka sinema kama Star Wars ya 1977 kwenye kumbi, na Fosgate yule yule baadaye aliibunia Dolby mfumo wa Pro Logic II. Ufumbuzi umekuwa ukiboreka kwa miaka 50 mfululizo na sioni sababu ya kudhani umefika mwisho. Santuri yenyewe kila mwaka inazidi kuchakaa. Mwenye SQ au CD-4 kabatini asingoje dekoda kamilifu: achague kwanza zile ambazo hazijawahi kutolewa tena, azioshe, azinase kwa ukamilifu na kuzihifadhi. Programu bora ikija, atakuwa na cha kuipa.